Buibui wa Mtoni katika Kisiwa cha Bukini



Wazee wa pwani walipotaja Bukini walikuwa wakikinena kisiwa kile ambacho katika vitabu vya shule twakiita Madagaska, na watu wake waliwaita Wabuki. Jina hili limeanza kusahauliwa. Nami nalitumia humu kwa makusudi, kwa kuwa ni jina letu wenyewe, nalo laonyesha ya kuwa bahari iliyo kati yetu na wao haikuwa ukuta hata siku moja. Mahali palipo pembamba, kutoka pwani ya Msumbiji hata kisiwani, ni kadiri ya kilometa 400. Kisiwa chenyewe ni cha nne kwa ukubwa duniani. Eneo lake lapata kilometa za mraba 587,000, yaani chazidi kidogo nchi nzima ya Kenya. Basi mtu asidhani nasimulia habari za kisiwa cha kuzungukwa kwa mtumbwi.

Lugha ya Wabuki ni jamaa ya lugha za visiwa vya mashariki ya mbali, upande wa Borneo, ambako baadhi ya wazee wao walitoka wakavuka bahari kuu. Mswahili aketipo sokoni Antananarivo hasikii neno hata moja alijualo, mpaka wataje mifugo. Ng'ombe kwao ni omby, kondoo ni ondry, mbuzi ni osy, mbwa ni amboa, na kanga ni akanga. Wanyama wa nyumbani walivuka kutoka upande wetu pamoja na majina yao. Lakini viumbe wa mwituni hawakuvuka na mtu. Wataalamu wa miamba wahesabu kwamba nchi ile ilijitenga na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, kisha ikaachana na Bara Hindi kadiri ya miaka milioni 88 iliyopita. Tangu hapo imekaa peke yake katikati ya maji. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya miti yake na wanyama wake hawapatikani po pote pengine. Nami leo nataka kunena habari za mmoja tu, naye ni buibui.

Najua wako watakaogeuza ukurasa kwa kusikia neno hilo. Nawasihi wangoje kidogo.

Mwezi wa Aprili 2019 nalikuwa Antananarivo kwa shughuli za kanisa, na shughuli zilipokwisha nikabakiwa na siku tatu. Siku ya kwanza nalikwenda kuona Ambohipotsy, kilima ambacho juu yake Rasalama, Mkristo wa kwanza wa nchi ile kuuawa kwa ajili ya imani, alichomwa mkuki mwaka 1837. Miaka miwili kabla ya kufa kwake, mwaka 1835, Biblia nzima ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kwa lugha ya Kimalagasi. Sisi tulioipata Biblia nzima ya Kiswahili baadaye sana twaweza kujifunza mengi kwa watu hawa, nami nikipewa nafasi nitaandika habari hizo peke yake siku nyingine.

Siku ya pili nikashika njia ya mashariki. Kutoka Antananarivo hata Andasibe ni kadiri ya kilometa 150. Njia yashuka kutoka nchi ya juu yenye udongo mwekundu, mashamba ya mpunga yakiwa yamepangwa kama ngazi mabondeni, na ng'ombe wenye nundu wakilisukuma tope kwa kwato zao. Malori ya bandari ya Toamasina huipita njia ile mchana na usiku, na madereva wake hawana huruma hata kidogo. Mtu hupita Moramanga, mji ambao mwaka 1947 watu walianza kupigana na Wafaransa, kisha baridi huongezeka, ukungu hutanda, na pande zote mbili za njia milima huwa mitupu au imepandwa mikaratusi. Nalitazamia msitu tangu saa ya pili ya safari. Nikangoja sana. Msitu nilioona mwishowe ulianza ghafula, kama ukingo wa kitambaa, na nyuma yake ndiyo hifadhi ya Andasibe-Mantadia iliyowekwa mwaka 1989.

Alfajiri katika msitu ule hulia indri, ambaye wenyeji humwita babakoto. Ni jamaa wa komba wetu, lakini ni mkubwa kama mtoto wa miaka mitatu, hana mkia wa maana, na sauti yake husikika mwendo wa kilometa kadhaa. Wageni wengi huja kwa ajili yake. Kijana aliyepewa kuniongoza, aliyekuwa akiniita *tompoko*, ndiyo kusema bwana wangu, alistaajabu niliposema ya kwamba mimi nimekuja kumwona buibui. Akacheka. Kisha akaniambia, "Babakoto utamsikia hata ukikaa hotelini. Hala itakubidi uingie majini." Hala ndilo jina la buibui kwa lugha yao.

Basi tukaingia majini. Palikuwa na kijito, upana wake kama hatua kumi na tano, maji yake meusi kama chai, miti ikiinama toka huku na huku. Yule kijana akasimama akanionyesha juu kwa kidole. Mimi sikuona kitu. Akaniambia nisitazame mahali pamoja, niyafuate macho yangu kutoka jani la upande huu hata jani la upande wa pili. Hapo nikauona uzi, mmoja, umekaa hewani juu ya maji yote, ukimetameta kidogo kwa matone ya ukungu. Na katikati ya kijito, chini ya uzi huo, limetundikwa tandabui la mviringo, kubwa hata nikafikiri kwanza ni matandabui mawili au matatu yaliyoshikana. Katikati yake ameketi mwenye nyumba, mweusi, mwenye malaika meupe, si mkubwa kuliko kiungo cha mwisho cha kidole gumba changu.

Huyo ndiye *Caerostris darwini*. Jike, mwili wake, hupata kadiri ya milimita 20. Dume ni mdogo sana, kadiri ya milimita 6, hata asiyejua hudhani ni mtoto wake. Tandabui la jike, kwa vipimo vilivyoandikwa, laweza kufikia mita za mraba 2.8. Mwenye nyumba afikiri godoro la watu wawili: ndio upana wake. Na ule uzi wa daraja waweza kuwa na urefu wa mita 25. Makanisa yetu mengi ya shamba hayafikii urefu huo toka mlangoni hata madhabahuni. Hapana buibui mwingine ajulikanaye atandaye mtando mkubwa kama huu juu ya mito.

Watoto wangu waliponiuliza jinsi anavyovuka maji kwenda kufunga uzi wake ng'ambo, niliwajibu kwamba havuki. Hukaa ukingoni juu ya jani, akatoa nyuzi nyingi kwa wingi, upepo ukazichukua ukazipeleka juu ya maji mpaka zikanasa katika miti ya upande wa pili. Ndipo yeye hupita juu ya daraja hilo, na chini yake hulifuma tandabui lake. Nyuzi zenye gundi, ambazo ndizo za kunasia, huchakaa, naye huzitengeneza upya. Bali mtando wenyewe hukaa siku kadhaa. Chakula chake ni kereng'ende na wale wadudu wepesi wa mtoni ambao hukaa majini siku zote za utoto wao, kisha hutoka kwa makundi, huruka kitambo na kufa. Wataalamu walikuta zaidi ya 30 wa namna hiyo katika tandabui moja. Juu ya mto pana chakula kingi kipitacho, wala hapana buibui mwingine awezaye kukifikia; yeye amepata shamba lisilo na jirani.

Yafaa sasa niseme habari za uvumbuzi wake. Matjaž Kuntner wa Slovenia na Ingi Agnarsson wa Iceland ndio waliomwandika na kumpa jina, na andiko lao lilitoka mwaka 2010. Mwaka uo huo, pamoja na Todd Blackledge wa Chuo Kikuu cha Akron huko Marekani, walieleza vipimo vya hariri yake, na habari hizo ndizo zilizomfanya buibui huyu ajulikane ulimwenguni kote. Walikuta kwamba hariri yake ni shupavu zaidi ya mara 2 kuliko hariri ya buibui ye yote aliyepimwa kabla yake, tena ni shupavu kama mara 10 kuliko kevla, nyuzi zile za kiwandani zifumwazo katika fulana za kuzuia risasi. Hapakuwa na kitu kingine kitokacho katika kiumbe chenye uhai kilichokuwa kimepimwa kikaonekana shupavu kama hicho.

Walimu wenzangu, neno hili "shupavu" lisomesheni kwa uangalifu, maana watoto hulichanganya na "nguvu". Waya wa chuma una nguvu, lakini haunyumbuki. Mpira wanyumbuka, lakini hauna nguvu. Mvuvi ajua: kamba ngumu isiyonyumbuka samaki mkubwa huikata kwa mkupuo mmoja, na kamba inyumbukayo bila nguvu humchosha mvuvi badala ya samaki. Ushupavu ni jumla ya kazi ambayo uzi huweza kuistahimili toka uanzapo kuvutwa hata utakapokatika. Kereng'ende arukaye kwa kasi akiupiga uzi wa buibui huyu, uzi hukubali, huvutika, hummaliza mbio zake, wala haukatiki. Wataalamu wengine waliomchungulia ndani mwaka 2019 walikuta katika hariri yake namna ya protini isiyoonekana kwa buibui wengine, tena mrija ipitamo hariri kabla ya kutoka ni mrefu kupita kawaida. Ni kama kiwanda kilichoongezewa chumba.

Nilipowasimulia wakatekumeni wetu habari hizi, mzee mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, yote nimeyasikia. Lakini kwa nini kiumbe cha Mungu kimepewa jina la Darwin?" Swali lake lilikuwa la haki, na najua ya kwamba katika nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili lingeulizwa vivyo hivyo.

Nalimjibu hivi. Wenye kumwandika kiumbe kipya wana ruhusa ya kumchagulia jina, nao walilitengeneza andiko lao tarehe 24 Novemba 2009, siku ambayo kitabu mashuhuri cha Charles Darwin kilitimiza miaka 150 kamili tangu kutoka. Jina lilikuwa la ukumbusho. Na mtu huyo ana haki fulani juu ya Bukini, ingawa hakufika Andasibe. Mwaka 1862 aliandika habari za ua jeupe la kisiwa kile, okidi yenye mrija wa asali mrefu kama futi moja, akasema kwamba ni lazima kisiwani awepo nondo mwenye ulimi mrefu wa kuufikia mwisho wa mrija ule. Watu wakamcheka. Yeye akafa mwaka 1882, na mwaka 1903 nondo huyo akaandikwa katika vitabu, ulimi wake ukiwa mrefu vile vile. Mtu aliyelitazama ua moja kwa bidii namna hiyo, mimi sitamnyima buibui. Mambo mengine aliyoyaandika, ambayo yamewasumbua Wakristo wengi, yana mahali pake pa kujadiliwa, wala si juu ya mgongo wa mnyama huyu. Yule mzee hakuridhika kabisa, nami sikumlazimisha.

Mimi neno lililonisumbua ni jingine, nalo ni hilo la "kuvumbua". Nilimwuliza kijana kiongozi wangu kama watu wa kwao walimjua hala huyu kabla ya mwaka 2010. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama walilijua jua. Akasema bibi yake, alipokuwa akivuka kijito kwenda shambani, aliinama kila siku penye tandabui asije akalivunja kwa mzigo wa kichwani. Uzi wa mita 25 juu ya mahali pa kuchotea maji haufichiki. Basi nani amevumbua? Nimelifikiri sana. Bibi yule alijua mahali, saa na tabia za buibui wake. Wale wataalamu walijua asichoweza kukijua yeye, yaani kwamba kutoka huko hata miisho ya dunia hapana mwingine kama huyu, na kwamba uzi ule aliouinamia ni shupavu kuliko vyote. Twasoma katika Mwanzo jinsi Mungu alivyomletea Adamu wanyama awape majina. Sioni mahali palipoandikwa kwamba kazi ile ilimalizika siku ile. Hata mwaka 2015 waliandikwa wengine 6 wapya wa jamaa hiyo hiyo ya *Caerostris*, kutoka Bukini na bara ya Afrika, na katika majina yao limo la Wallace na la Linnaeus. Laiti lingekuwamo pia la bibi mmoja wa mtoni.

Nimefika mahali ambapo msomaji wa Biblia atakuwa ameniwahi. Katika Maandiko buibui hana sifa. Bildadi, katika sura ya 8 ya Ayubu, alilinganisha tumaini la mtu asiyemcha Mungu na nyumba ya buibui, ambayo mtu akiiegemea haisimami. Na Isaya katika sura ya 59 asema habari za waovu wafumao nyuzi za buibui zisizofaa kuwa vazi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mistari hiyo, na mengine nimeyahubiri mwenyewe. Je, uzi wa Andasibe waitangua mifano hii? Kwa Bildadi sina shida: mwisho wa kitabu yeye na wenzake walikemewa na Mungu kwa maneno yao, basi hatupaswi kumtetea kupita kiasi. Lakini hata hivyo alinena nyumba, hakunena uzi. Uzi mmoja mmoja ni shupavu. Nyumba nzima fagio la mtoto laiondoa asubuhi, kama kila mama ajuavyo.

Isaya ndiye mwenye mambo zaidi, maana katika Bukini watu walijaribu kweli kweli kulifuma lile vazi. Miaka ya 1880 na 1890 Padre Paul Camboué, mmisionari Mjesuiti aliyekaa kisiwani, alishughulika na hariri ya buibui wa namna nyingine, yule mkubwa wa rangi ya dhahabu, ambaye sisi pia tunaye bara. Akatafuta njia ya kumkamua uzi bila kumwua. Kazi hiyo ikaendelezwa kwa mashine ndogo, na katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 yakaonyeshwa mapazia ya kitanda yaliyofumwa kwa hariri ya buibui. Kisha yote yakasahauliwa miaka mia. Mwingereza Simon Peers na Mmarekani Nicholas Godley wakaifufua kazi ile huko Antananarivo. Kila asubuhi watu walitoka na miti mirefu kuwakusanya buibui. Wakafungwa 24 pamoja katika kimashine cha mkono, wakavutwa nyuzi zao, kisha wakaachiliwa. Mwaka 2009 kitambaa cha kwanza kilionyeshwa New York, kimetumia hariri ya buibui zaidi ya milioni 1 na kazi ya miaka minne. Mwaka 2012 joho zima, la rangi ya dhahabu bila kutiwa rangi yo yote, lilionyeshwa London. Hilo lilitaka buibui kadiri ya milioni 1.2.

Pwani yetu neno buibui ni jina la vazi pia, lile jeusi la akina mama, na rafiki yangu mmoja wa Lamu alipoisikia habari hii alisema kwamba Wabuki wamelifuma buibui kwa buibui. Mimi naona Isaya hajashindwa. Vazi linalotaka viumbe milioni moja na miaka minne, kisha lisivaliwe bali liwekwe nyuma ya kioo, ni ushahidi wa upande wake.

Na yule wa mtoni, mwenye uzi ulio shupavu kuliko wa dhahabu, hajafumwa nguo hata moja, na sidhani atafumwa. Wataalamu wataka kuijua siri ya hariri yake ili waiige viwandani: kwa kamba, kwa nyuzi za kushonea vidonda, kwa mambo mengine. Siri hiyo haijaisha kusomwa. Na kitabu chake hakina nakala.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoingia hofu, wala sikuingia Andasibe nikiwa na hofu hiyo. Tandabui la mtoni lahitaji vitu vitatu: maji yenye wadudu, upepo, na miti ya pande zote mbili. Upepo hauishi. Lakini wataalamu waliolinganisha ramani na picha za angani wamehesabu kwamba toka mwaka 1953 hata 2014 Bukini imepoteza asilimia 44 ya misitu yake ya asili. Milima mitupu niliyoipita njiani ndiyo maana yake. Wenyeji wana neno, *tavy*, yaani kukata msitu na kuuchoma ili kupanda mpunga wa mlimani. Mavuno mawili matatu, udongo huchoka, nao husogea mbele. Baadhi ya misitu ya upande ule wa mashariki, Ranomafana ikiwamo, iliandikwa na UNESCO mwaka 2007 kuwa urithi wa dunia. Mwaka 2010, mwaka ule ule buibui alipopewa jina, misitu hiyo ikatiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini kwa ajili ya ukataji wa magogo na uwindaji. Ikatolewa katika orodha hiyo mwaka 2025, nasi twamshukuru Mungu. Lakini Andasibe haimo katika urithi ule. Yalindwa na sheria za nchi tu na watu wake.

Wageni wengine husema maneno makali juu ya mkulima mwenye kiberiti. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya mkulima, nami siwezi. Mtu mwenye watoto sita na shamba lililochoka hachomi msitu kwa chuki. Nilimwuliza kiongozi wangu kama jamaa zake bado wafanya tavy. Akanyamaza kitambo, kisha akasema baba yake aliacha, mjomba wake hajaacha, na mwaka ambao mvua imekosa hakuna awezaye kumlaumu mjomba. Yeye mwenyewe hula kwa kuwaongoza wageni. Wageni wasipokuja, hana mpunga wala mshahara. Nikalikumbuka neno hilo mwaka uliofuata, 2020, wakati mipaka yote ilipofungwa kwa ugonjwa.

Katika Andasibe kiko chama cha wenyeji kiitwacho Mitsinjo, ambacho huwaongoza wageni na kupanda tena miti ya asili mahali palipokatwa. Kijana alinipitisha penye vitalu vya miche, vimepangwa chini ya kivuli cha majani makavu, kila mche katika mfuko wake. Si mikaratusi ikuayo upesi, bali miti ya msitu ule ule, mbegu zake zimeokotwa humo humo. Nikauliza ni lini mche mmoja utakuwa mrefu wa kutosha hala kuufungia daraja lake. Akaweka mkono penye kifua chake, akasema, "Mtoto wangu atakapokuwa hapa." Mtoto alikuwa bado hajaanza kutembea.

Walimu mtakaopenda kuwaonyesha watoto jamaa ya buibui huyu hamna haja ya kuvuka bahari. Yuko nduguye, *Caerostris sexcuspidata*, aliyeenea sehemu nyingi za Afrika. Mchana hujikunja juu ya tawi kavu, rangi yake ya magome, mwenye nundu mgongoni, hata mtu aweza kumshika akidhani ni kifundo cha mti. Usiku hushuka na kutanda. Mmtafute kwa taa saa mbili tatu za usiku, penye miti iliyoachana, mkiushika mwanga chini kidogo ya jicho ili nyuzi zing'ae. Watoto wasimguse, na tandabui wasilivunje. Mwende mapema, kwa maana kabla ya mapambazuko huwa amekwisha kuliondoa lote, na asubuhi hamtaona hata uzi mmoja.